Kurekebisha Grili Kubwa ya Makaa Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Nairobi

Grili ya makaa yenye umbo la chungu, yaani bakuli la chuma linalofunikwa kwa mfuniko wa kuba, sasa inaonekana katika nyua nyingi za Nairobi ikiwa kando ya jiko la kawaida la nyama choma. Asili yake ni mwaka wa 1952, wakati George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alipochukua nusu mbili za boya la chuma, akaifanya moja bakuli na nyingine mfuniko, kisha akatoboa matundu ya hewa. Mambo hayo mawili, mfuniko na matundu, ndiyo yanayoitofautisha grili hii na jiko la wazi: moto wake hauongozwi kwa kupepea wala kwa kunyunyizia maji, bali kwa kiasi cha hewa unachokiruhusu kuingia. Kwa hiyo kila rekebisho linalopendekezwa hapa limepimwa kwa swali moja, nalo ni kama linakusaidia kuitawala hewa. Rafu za viungo, taa na ndoano za mapambo zinaweza kungoja.

Mwongozo huu unahusu grili kubwa, za kipenyo cha sentimita 57 na zaidi. Vipimo nitakavyotoa ni vya ile ya sentimita 67, kwa kuwa ndiyo inayotosha mguu wa mbuzi na mbavu zake kwa pamoja bila kubananisha nyama juu ya moto.

Kabla ya kushika drili, fahamu hewa ya mji wako

Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na kila lita inayopita kwenye tundu la grili ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na lita ya hewa ya Mombasa. Maelekezo mengi ya grili hizi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, au katika miji kama Chicago ambayo haifiki mita 200, nao hukuambia ufungue tundu la chini kwa robo ili upate joto la nyuzi 120. Ukiyafuata maelekezo hayo Kasarani au Lang'ata, moto utadhoofika, nawe utaanza kudhani kwamba makaa yako ni mabovu. Mara nyingi makaa hayana kosa lolote. Kinachohitajika ni kufungua tundu zaidi kidogo, pengine theluthi, kisha kusubiri.

Tatizo ni kwamba grili nyingi huvuta hewa pia mahali ambapo hukukusudia, kama vile kwenye ukingo wa mfuniko, pembezoni mwa vizibo vya chini na kwenye bolti za mshikio. Moto unaolishwa na nyufa haukusikilizi unapofungua au kufunga tundu. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ni kutafuta uvujaji.

Hatua ya kwanza: kutafuta mahali panapovuja

Safisha bakuli lote kwa sabuni na maji ya moto, ukwangue masizi ya ukingoni, kisha uliache likauke. Chagua jioni isiyo na upepo. Washa makaa machache, na yakishakolea uweke juu yake konzi ya majani mabichi ili yatoe moshi mwingi. Funga mfuniko na matundu yote, ya juu na ya chini, kisha uzunguke grili polepole ukiwa na kipande cha chaki. Kila mahali moshi unapotokea, weka alama kando yake ukichunga usiunguze vidole.

Kesho yake, grili ikiwa baridi, pima kipenyo cha mfuniko mara mbili, mara ya pili ukikatiza mstari wa kwanza kama msalaba. Tofauti ikizidi milimita tano, mfuniko wako umepotoka, na hakuna utepe utakaoziba pengo hilo vizuri. Usimamishe juu ya blanketi, upande mrefu ukielekea juu, na uukandamize kwa mikono miwili kidogo kidogo huku ukipima tena kila mara. Usitumie nyundo kamwe, kwa sababu enameli inayolifunika bati hilo ni kama kioo, nayo hupasuka badala ya kupinda.

Hatua ya pili: kuziba

Kinachofaa ni utepe wa nyuzi za kioo wenye upana wa kama milimita 12 na unene wa milimita tatu, pamoja na gundi nyekundu ya silikoni inayotumiwa na makanika kwenye gasketi za injini. Gundi hiyo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Soma kopo lake kwanza uhakikishe kwamba inastahimili angalau nyuzi 250. Povu la kuzibia madirisha na mpira wa milango ya magari havifai hata kidogo, maana huyeyuka na kutoa moshi wenye sumu juu ya chakula.

Futa upande wa ndani wa ukingo wa mfuniko kwa spiriti, paka uzi mwembamba wa gundi, kisha ulaze utepe bila kuuvuta, kwa sababu utepe uliovutwa hujikunja ukipata joto na kuacha pengo mahali ncha zinapokutana. Mzunguko wa grili ya sentimita 67 ni kama sentimita 210. Nunua mita mbili na nusu. Funika, weka uzito wa wastani juu, na usiwashe moto kwa saa 24. Vizibo vya chini havihitaji utepe: vikunje kidogo kwa mkono hadi vilale sawasawa juu ya matundu, halafu uzibe bolti zinazovuja kwa tone la gundi kutoka nje.

Kuna onyo ambalo lazima lifuatane na hatua hii. Grili iliyozibwa vizuri hukusanya gesi zisizoungua pale moto unapokosa hewa, na ukiuinua mfuniko ghafla, oksijeni huingia kwa wingi na mwali huruka usoni. Kwa hiyo, kila mara fungua tundu la juu, inua mfuniko kwa upana wa kidole, hesabu hadi tano, kisha ndipo uufungue wote ukiwa umesimama kando.

Hatua ya tatu: kipimajoto, na mahali pa kukiweka

Kipimajoto kinachokuja kwenye mfuniko hukuambia joto la kuba, nayo nyama hailali kwenye kuba. Kati ya juu na usawa wa wavu, tofauti ya nyuzi 20 au 30 ni ya kawaida, na hubadilika kulingana na upande ulioweka makaa. Weka kipimajoto cha pili usawa wa wavu wa nyama.

Kabla ya kukitumia, kijaribu kwa maji yanayochemka, na hapa naomba msomaji awe makini. Hapa Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Nilitupa kipimajoto kizima kwa sababu kilisoma 94 katika sufuria iliyokuwa ikitokota mbele ya macho yangu, nikakinunua kingine, nacho kikasoma 94 vilevile. Chombo kinachosoma 100 kwenye maji yanayochemka Nairobi ndicho kibovu.

Kwa vipimajoto vyenye waya, toboa tundu moja la milimita 10 kwenye bakuli, kidogo chini ya usawa wa wavu, upande ambao hutaweka makaa. Bandika utepe wa karatasi nje na ndani, shikiza kipande cha mbao ndani ya bakuli nyuma ya mahali unapotoboa, anza kwa biti ndogo ya milimita tatu, na uzungushe drili kwa mwendo wa polepole bila kuilalia. Usipige alama kwa msumari na nyundo kabla ya kutoboa kama tunavyofanya kwenye chuma cha kawaida. Mimi nilifanya hivyo, na kipande cha enameli kikubwa kama sarafu ya shilingi kumi kikabanduka. Baada ya mvua za Aprili mahali hapo palikuwa na kutu iliyokuwa ikitambaa chini ya rangi. Ukimaliza kutoboa, lainisha kingo kwa msasa laini na upake rangi ya kuhimili joto kali upande wa nje tu, ile inayopakwa mabomba ya ekzosi. Upande wa ndani upake mafuta ya kupikia na uyaache yaungue.

Hatua ya nne: kuutenga moto

Hapa ndipo grili kubwa inapolipa gharama yake. Makaa yakitandazwa chini kote, nafasi yote inakuwa ya kuunguza. Yakikusanywa upande mmoja, unapata sehemu mbili: ya moto mkali kwa kukausha ngozi na ya joto la kuzunguka kwa kuivisha taratibu.

Mchomeleaji yeyote anaweza kukutengenezea vikapu viwili kutoka kwa wavu mnene wa chuma, ule wenye matundu ya almasi unaowekwa kwenye mageti na madirisha. Mwambie aupinde ufuate mviringo wa bakuli, kimo kiwe sentimita 15, na kila kikapu kichukue kama robo ya duara. Makaa yetu ya miti hayana umbo moja kama yale ya kubanwa kiwandani, kwa hiyo ule mtindo wa kuyapanga kwa mstari mrefu kama nyoka hauaminiki hapa: moto hufika kwenye kipande kikubwa ukasita, au ukaruka kwenye chenga ukaenda mbio. Afadhali ujaze kikapu makaa yasiyowashwa, ya ukubwa wa yai hadi ngumi, uchimbe shimo katikati na kuweka humo vipande vinane au kumi vilivyokwisha kukolea. Moto utatambaa nje polepole kwa saa kadhaa. Pepeta makaa kwanza, maana vumbi lililo chini ya gunia ndilo huziba njia ya hewa na kufanya moto ufe katikati ya kazi.

Kati ya kikapu na upande wa nyama, simamisha matofali mawili ya udongo wa kustahimili moto. Wazo lake ni lilelile la jiko la udongo na bati lililoenea nchini tangu miaka ya 1980: udongo hushika joto na kulirudisha taratibu, kwa hiyo mfuniko unapofunguliwa joto haliporomoki lote. Yawe makavu kabisa. Usiokote mawe ya mtoni, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na kuyapasua kwa nguvu. Chini ya nyama weka sinia ya chuma yenye maji ya moto, ambayo hukinga mafuta yasidondoke kwenye majivu na kusaidia kutuliza joto.

Kwa moshi wa ladha, vipande viwili au vitatu vikavu vya mpera, mwembe, au mkahawa uliopogolewa vinatosha. Mkaratusi na msaipresi huacha uchungu wa utomvu, mbao za ujenzi huenda zimetiwa dawa, na mwoleanda, ule wa maua mazuri unaopandwa uani, ni sumu hata ukiwa moshi.

Hatua ya tano: pete ya kuongeza kimo

Pete ni ukanda wa chuma unaokaa kati ya bakuli na mfuniko, ukiinua kuba kwa sentimita 15 hadi 20. Inakuruhusu kuweka kuku wazima, wavu wa pili juu ya ule wa kwanza, au chuma cha kuzungushia nyama. Kwa maoni yangu hili ndilo rekebisho kubwa kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa zaidi kwa haraka.

Tumia bamba la chuma cheusi au la pua lisiloshika kutu, lenye unene wa milimita moja na nusu hadi mbili. Bamba la kawaida la futi nane kwa nne lina urefu wa sentimita 244, kwa hiyo ukanda wako wa sentimita 210 unatoka kwa kipande kimoja bila kiungo cha ziada. Usikubali bati lililopakwa zinki, lile la kijivu linalong'aa na lenye michoro kama maua ya barafu. Zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420, na moshi wake wakati wa kuchomelea au kwenye moto mkali huleta homa na kifua kubana. Vivyo hivyo, usigeuze rafu za friji kuukuu kuwa wavu wa nyama, kwani baadhi yake zilipakwa kadimiamu, ambayo ni sumu.

Nilikwenda Kamukunji nikiwa na kamba niliyopimia mdomo wa bakuli nyumbani, nikaikunja vizuri mkobani. Fundi aliitazama, akaishika ncha mbili na kuivuta kidogo tu, nayo ikaongezeka kwa upana wa kidole gumba. “Mama, kamba inadanganya,” akasema. “Leta jiko lenyewe, mwili na kifuniko.” Nililipa teksi mara ya pili, na sijutii. Aliukunja ukanda juu ya kipande cha reli kwa nyundo ya mbao, akipiga mapigo mepesi na kuugeuza sentimita chache kila mara, na baada ya kila mzunguko aliujaribu kwenye bakuli, halafu kwenye mfuniko, kwa sababu vitu hivyo viwili havina kipenyo kimoja: mfuniko hulala nje ya mdomo wa bakuli. Pete inatakiwa ikalie mdomo wa bakuli na wakati huohuo iingie ndani ya mfuniko.

Mwombe fundi achomelee ndimi nne ndani ya pete, zikining'inia sentimita tatu chini ya ukingo wake, ili isiteleze inapoguswa. Kama unataka chuma cha kuzungusha nyama, akate mianya miwili yenye umbo la U inayotazamana, na atengeneze vizibo vyake kwa siku ambazo huihitaji. Mota ya waipa ya gari, ambayo mafundi wengi hupendekeza, huzunguka kwa kasi mno. Lazima ipunguzwe kwa gia na mnyororo wa baiskeli hadi mizunguko mitatu au sita kwa dakika, na nyama isawazishwe kwenye chuma ili upande mzito usiivute mota.

Hatua ya sita: meza na majivu

Miguu mitatu ya kawaida hutikisika kwenye nyasi. Toroli la mabomba ya mraba ya inchi moja, lenye magurudumu mawili na meza ya mbao ngumu upande mmoja, huimarisha yote. Acha pengo la sentimita tano au zaidi kati ya mbao na bakuli, na usizibe chini, kwa sababu huko ndiko hewa inakoingilia. Ndoo ya chuma yenye kifuniko itoshe kwa majivu.

Hatua ya saba: kuunguza mara ya kwanza, kisha kujifunza grili yako

Washa moto mkubwa bila chakula kwa saa mbili, matundu yote yakiwa wazi, ili mafuta ya kiwandani na harufu ya rangi viishe. Fanya kazi hii, na nyingine zote, nje kabisa, angalau mita tatu kutoka ukutani na chini ya anga tupu. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na roshani iliyozungushiwa vioo ni hatari sawa na chumba.

Siku nyingine, washa kikapu kimoja kwa namna niliyoeleza na ujaribu kushikilia nyuzi 120 kwa saa tatu. Acha tundu la juu wazi kwa nusu au zaidi na uongoze kwa matundu ya chini pekee. Sogeza kizibo kwa upana wa ukucha, halafu subiri dakika 15 kabla ya kugusa tena. Wanaoshindwa wengi hushindwa kwa kugusagusa. Andika nafasi ya kizibo na joto lililopatikana, na upige mstari mdogo kwa kalamu ya alama kwenye bakuli kwa nyuzi 110, 120 na 150. Mistari hiyo ni ya grili yako tu na ya kimo cha mji huu.

Kwa nyama ya kwanza chagua mguu wa mbuzi wenye mfupa. Uweke upande usio na makaa, ngozi ya mafuta ikitazama juu, kwa nyuzi 120 hadi 130. Vitabu vya Marekani husema nyama ngumu itolewe ikifika nyuzi 95 au 96 katikati. Hapa maji yaliyo ndani ya nyama yanachemka kwenye 94, kwa hiyo ukingojea namba hiyo unaikausha. Anza kuijaribu ikifika 88: choma kwa ncha ya kipimajoto karibu na mfupa, na ikiingia bila kukwama mahali popote, imeiva. Uisogeze juu ya makaa dakika chache ipate rangi, kisha uiache ipumzike nusu saa kabla ya kukata.

Ukimaliza, funga matundu yote, ya juu na ya chini. Ikiwa umeziba vizuri, moto utazimika na bakuli litakuwa limepoa asubuhi, huku zaidi ya nusu ya makaa ikiwa bado mazima. Yakung'ute, yatenge na majivu, na uyatumie kama tabaka la chini siku inayofuata. Majivu usiyaache ndani usiku wa mvua, hasa kati ya Machi na Mei, kwa sababu yakinyonya unyevu hula chuma kuanzia chini, pale kwenye vizibo ulivyovikunja kwa mkono.